Mwisho Niliomtungia Mama Godana

Nimeacha kazi mwezi uliopita nikiwa na miaka hamsini na sita, na hakuna mtu aliyenistaafisha. Nimejistaafisha mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyejiajiri. Hakukuwa na keki wala hotuba. Nilimpa Zeituni funguo, nikampa Buya sindano ya gunia, nikavuka barabara kwenda kunywa chai upande wa pili nikikitazama kibanda changu. Mke wangu alisema nitarudi kabla ya saa sita. Nilirudi saa tano, lakini ni kwa sababu nilisahau kofia.

Sasa ninyi wawili niliowaachia kibanda mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Naandika kwa mkono wangu, na hilo mlishike, mbele mtaona kwa nini nalitaja. Shule niliacha darasa la tatu pale Hewani. Lakini leo uliza mtu yeyote hapa Garsen riwaya zinaazimwa wapi, hata kondakta wa basi la Lamu atakuonyesha kwa kidole. Wako wasomi wengi nchi hii wenye vyeti ukutani. Aliyewafanya wachukuzi wa mizigo na akina mama wa maziwa wabishane juu ya riwaya kwenye stendi ni mmoja, na mnamjua. Habari za faida na hasara sitaziandika. Kibanda kilinilisha, kikasomesha watoto wanne, basi.

Mimi nilianza nikiwa mchukuzi. Nilikuwa nikipandisha magunia ya maembe na mikeka juu ya mabasi. Siku moja basi la Malindi liliharibika hapa, abiria wakahamishiwa jingine, likabaki katoni moja nyuma ya kiti. Nililiweka mwezi mzima nikidhani ni biskuti, nikingoja mwenyewe. Hakuja. Nilipolifungua nikakuta riwaya tupu. Nilikasirika sana, maana nilikuwa na njaa. Nikaamua kuwauzia wauza karanga karatasi za kufungia.

Nilikuwa nishachana ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza mkono wangu uliposhikwa kama mkono wa mwizi. Aliyenishika alikuwa Mwalimu Jillo, mwalimu mstaafu aliyekuwa akija stendi kila asubuhi kusoma magazeti ya watu wengine begani mwao. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama najua nimechana nini. Nikamwambia ni karatasi. Akanitaka nimsomee hilo neno la juu. Nilisoma silabi mbili, ya tatu ikanishinda. Akasema nisiuze. Niazimishe.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na yeye peke yake alijua siri yangu: mimi, mwenye vitabu, naweza kusoma vibao vya mabasi na majina ya maduka, zaidi ya hapo ni kazi. Ndipo akatunga ile desturi mnayoifuata mpaka leo bila kujua asili yake. Anayerudisha kitabu hakitupi mezani akaenda zake. Anakaa juu ya jerikeni, anatoa ripoti ya mambo matatu: kitabu kinahusu nini, kimemfanya nini, na kinamfaa nani baada yake. Watu walidhani ni madoido yangu. Kumbe ilikuwa njia ya Mwalimu ya kunisomesha kupitia midomo ya wateja.

“Wewe sikiliza tu, Komora,” aliniambia. “Hawa watakusomea wote.”

Nikasikiliza. Nina kichwa kinachoshika, hilo hata adui yangu atakubali. Msafiri akija nilikuwa nikimtazama viatu, nikimtazama mzigo, nikimuuliza anataka cha kulia au cha kucheka, kisha nampa kitabu na maneno matatu juu yake kama mtu aliyekesha nacho. Wakati ule mabasi yalikuwa yakingoja hapa saa nyingi kabla ya kupata askari wa kuyasindikiza mpaka Lamu, na mtu aliyekwama kwenye joto la Garsen atasoma chochote. Wengine walishuka na vitabu vyao, wakaniachia kwa kubadilishana. Katoni moja likawa rafu, rafu ikawa kibanda.

Vifaa vyenyewe mnavijua: sindano ya gunia, uzi wa nailoni, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa na chumvi kidogo ili mende wasiipende, karatasi ya mfuko wa simiti kwa majalada. Karatasi ya simiti ikung'uteni nje. Mimi nilimkohoza msomaji mmoja wa Chara sura nzima ya kwanza. Na mafuriko yakitangazwa msingoje kuyaona. Pandisheni vitabu darini siku ile ile. Nilingoja mara moja, nikapoteza rafu ya chini yote, na vilivyopona vilipoteza majalada. Ndiyo maana vitabu vyetu vingi havina majina ya waandishi wake. Vina majina tuliyovipa sisi: Kile cha Daktari Mwongo, Kile cha Mbuzi, Kile cha Kanzu.

Jirani yangu kibandani alikuwa Shee, fundi cherehani wa Kipini, ambaye bado mnaye na bado hamalizi nguo kwa siku aliyosema. Shee alisoma kila kitu nilichokuwa nacho na hakupenda hata kimoja. Kile cha Kanzu alikirudisha akiwa na hasira. Kilimhusu mama mshonaji ambaye mwanawe aliondoka kwenda kufanya kazi melini, na kila mwaka mama anamshonea kanzu kwa kukisia amekua kiasi gani. Shee akakaa juu ya jerikeni akatoa ripoti ndefu, yote juu ya mabega.

“Huyu mwandishi hayui kushona,” alisema kwa lafudhi yake ya kwao. “Hakuna fundi akataye kanzu ya mtu asiyekuwako. Mabega utayapima wapi? Kwenye hewa?”

Nikamuuliza kinamfaa nani. Akasema mtu mwenye subira, yeye hana.

Tatizo la Kile cha Kanzu, na la vingi vingine, ni kwamba vitabu vyangu vilikufa kuanzia nyuma. Watu hukunja jalada la mwisho, karatasi zinaachana na uzi, moja moja zinaanguka njiani. Mwalimu Jillo alinikanya mapema. Kitabu kikikatika, mwambie mtu kimekatika, mwisho huujui. Alipokuwa hai nilitii. Alipofariki, Mungu amrehemu, hakubaki mtu anayejua ninachojua na nisichojua, na mimi nikavimba kichwa. Mtu akija akiuliza, “Ikawaje mwisho?” nilikuwa nikimpa mwisho. Nilikuwa na miisho ya kila aina. Mwizi anashikwa, mke anarudi, tajiri anafilisika. Watu walifurahi, nami nikajiona mwandishi. Na wallahi miisho mingine ilikuwa mizuri.

Sasa nifike kwa Mama Godana.

Mmezisikia mno sifa zake, lakini hamkumkuta hapa. Alikuwa mama wa Kiorma, mwembamba, akileta maziwa Garsen kila asubuhi. Kusoma alijifunzia ngumbaru akiwa na wajukuu, akawa anasoma kwa kidole, akitamka kwa midomo bila sauti. Kwenye kamba ya chombo chake cha maziwa alikuwa amefunga kikombe cha bati, cha bluu. Mteja akitaka kuonja maziwa alipewa kifuniko. Kikombe hakikutoka kwenye kamba. Kilikuwa cha Godana, mwanawe, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, akapiga simu mwaka wa kwanza na wa pili, kisha namba ikawa haipatikani. Miaka ilikuwa imepita mingi. Na kila tukimsalimia, Mama Godana, Mama Godana, tulikuwa tukimtaja huyo mtoto bila kufikiri.

Siku moja alinijia akasema anahama. Miguu yake ilikuwa ikivimba, na binti yake aliyeolewa Bangale alikuwa amemsihi kwa muda mrefu akakae naye. Sasa amekubali, vitu vimefungwa, gari litakuja wiki ile. Akaomba kitabu cha njiani. Mimi, bila kutia akilini, nikampa Kile cha Kanzu. Shee si alisema kinamfaa mwenye subira? Nikampa kwa maneno yangu matatu, nikampungia mkono.

Hakungoja safari. Alikisoma kwa siku nne, akarudi nacho asubuhi stendi ikiwa imejaa, akakaa juu ya jerikeni. Kitabu kile kilikatika mahali pabaya sana. Mama yuko peke yake nyumbani, usiku, kanzu ya saba imekunjwa kwenye sanduku. Mlango unapigwa hodi. Anainuka, anashika komeo. Karatasi zimekwisha.

“Komora,” akasema, “nani yuko kwa mlango?”

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ni maneno mepesi, ninyi mnayasema kila siku. Mimi nikasema ni mwanawe. Na sikuishia hapo. Nikamweka kijana mlangoni na ndevu, nikamfanya mama asimtambue kwanza, nikafungua sanduku, nikamvika kanzu, ikamkaa kama alipimwa jana. Shee akaguna nyuma ya cherehani kwa sababu ya mabega. Mama Godana hakulia. Alirekebisha mtandio wake akasema kwa sauti ndogo, “Nilijua.”

Siku ya pili nikasikia amefungua vitu vyake. Gari lilikuja likarudi tupu. Alimwambia binti yake kwamba hawezi kuhama, kwa sababu Godana akija akapiga hodi, nani atafungua?

Mwanzoni nilijisifu. Nilimwambia mke wangu nimempa mtu tumaini. Mke wangu aliuliza nimelitoa wapi. Kisha nikaanza kuona. Akimaliza kuuza maziwa, Mama Godana hakwenda nyumbani kupumzisha miguu. Alikaa juu ya jerikeni langu, na kila basi la kutoka Mombasa likifunga breki aliinuka. Kila basi. Anawatazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka turuboi wa basi anafunga mlango, kisha anakaa. Miguu ilivimba mpaka ndala zikawa hazimwingii. Binti alipiga simu akilia. Ilikwenda hivyo miezi minne.

Ndipo likaja katoni kutoka kwa abiria mmoja, na Shee katika kulipekua akatoa kitabu chenye jalada safi. Akasoma ndani kidogo. “Komora, Kile cha Kanzu hiki. Kizima.” Akaenda nyuma kabisa, akasoma kimya, akafunga. Akaniinamia sikioni. “Si mwana.”

Nilikichukua nikakitia ndani ya gunia, chini ya meza. Nimesema nitawaandikia ukweli, basi huu hapa: cha kwanza nilichoogopea ni jina langu. Yeye alikuja wa pili. Wiki tatu kitabu kikakaa kwenye gunia, na wiki tatu Shee hakunisemesha isipokuwa kuomba moto.

Kisha asubuhi moja basi la Mombasa likafika, Mama Godana akainuka haraka, miguu ikamkatalia. Alianguka na chombo chake. Maziwa ya siku nzima yakamwagika kwenye vumbi, na yeye pale chini jambo la kwanza alilofanya si kuangalia maziwa wala goti. Alikigeuza kikombe kuona kama kimebonyea. Halafu akainua kichwa kuwatazama waliokuwa wakishuka.

Tulimwinua, tukamkalisha. Nikaingia kibandani nikalitoa gunia. Nilimwambia kwamba kitabu kizima kimepatikana, kwamba kimekuwako wiki tatu, na kwamba mwisho niliompa niliutoa kichwani mwangu.

Kisha akasema, “Nisomee. Macho yangu iko na vumbi.”

Nikakifungua mahali Shee aliponionyesha. Nikaanza. “A-ka-fu-ngu-a.” Nikaendelea hivyo mstari mmoja. Cherehani ya Shee ikanyamaza. Watu kumi walikuwa wakimsikiliza mwenye vitabu wa Garsen akisoma kama mtoto aliyeanza shule jana.

“Komora,” akasema, “wewe hujui kusoma.”

“Najua kidogo.”

“Lete.”

Akafuta macho kwa mtandio, akaweka kidole, akasoma kwa sauti. Mlangoni alikuwa jirani, mama maskini. Mwanawe anaoa kesho na hana kanzu, amekuja kuomba ya kuazima. Mshonaji anasimama pale muda mrefu. Kisha anafungua sanduku, anatoa ile ya saba, anaipima kwa macho, anaona ni fupi. Anaketi chini ya taa, anafumua upindo ili kuirefusha. Kitabu kinaisha sindano ikiwa mkononi.

Shee alisema polepole, kama mtu anayejisemea, kwamba hapo mwandishi ameshona sawa.

Mama Godana alifunga kitabu. “Miezi minne, Komora.” “Mwisho yako ni tamu,” akasema. “Lakini inanikalisha kwa mlango. Hii inaniacha niinuke.” Akachukua chombo chake kitupu akaenda. Siku tatu hakuja stendi, na maziwa yaliletwa na mtu mwingine. Nilidhani amesafiri bila kuniaga, na nilijua nastahili.

Siku ya nne alikuja na daftari lake la ngumbaru na kipande cha penseli. Alisema anakwenda Bangale mwisho wa mwezi ujao, safari hii kweli. Huko hakuna pa kuazima vitabu, kwa hiyo mimi nitampelekea kwa basi, na yeye atarudisha na ripoti ndani, imeandikwa. Simu ni ya salamu, alisema, na ya huko inakatika. “Nikiandika, utasoma wewe. Si Shee.”

Basi nikafundishwa. Mimi juu ya jerikeni, yeye kwenye kiti changu, mchana stendi ikipoa. Alinipiga kidoleni kwa penseli kila nilipobahatisha neno kwa kutazama herufi ya kwanza. “Unatunga tena,” alisema. Nilisoma vizuri katika wiki tano. Yeye ngumbaru alikaa miaka miwili, na nilimkumbusha jambo hilo mara kadhaa. Alinijibu kwamba yeye hakuwa amezungukwa na vitabu miaka ishirini.

Mazoezi ya kuandika alinipa moja tu. Nilinakili kurasa zote zilizokosekana za Kile cha Kanzu, neno kwa neno, bila kuongeza. Shee akazishona kwenye kitabu cha zamani kwa cherehani yake, mshono mara mbili. Ndicho kile mlicho nacho kwenye rafu ya juu, chenye mwisho wa wino wa bluu. Mwandiko ule unaopanda mlima ni wangu. Hicho kizima kingine alikwenda nacho yeye.

Asubuhi ya safari nilimpandisha ndani ya basi la Garissa mimi mwenyewe, na sikumruhusu mchukuzi mwingine aguse mzigo wake. Kabla ya kupanda alifungua fundo kwenye kamba, akatoa kikombe cha bluu, akakiweka juu ya meza ya kibanda. Nilimwambia nitakitunza, nitakifunika kitambaa, hakuna atakayekigusa.

“Hapana,” akasema. “Weka maziwa. Mtu akitoa ripoti, mpe anywe. Godana akija, nataka akute imelowa.”

Ripoti zake zimekuja kwa basi tangu siku ile. Haoni haya kusema. Juu ya Kile cha Mbuzi aliandika kwamba mwandishi hajawahi kulala karibu na zizi. Shee alimjibu kwa karatasi kwamba si kitabu cha zizi, ni cha mapenzi, naye akarudisha jibu kwamba mtu asiyejua mbuzi atajuaje mapenzi. Wamebishana hivyo kwa miaka, mimi nikiwa katikati kama karani, nikisoma kwa sauti, na stendi nzima ikichagua upande. Vitabu vilivyotoka Bangale na neno lake vilikuwa vikigombewa. Karatasi zote nimezitia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Zisomeni, ndiyo shule yenu. Mkono wake umeanza kutetemeka kwenye hizi za karibuni, kwa hiyo mpelekeeni vya maandishi makubwa.

Godana hajaja. Nimekitunza kikombe kwa kukitumia kila siku niliyofungua kibanda, na sasa kazi hiyo ni yenu, ndiyo sababu hasa nimekaa chini kuandika. Akija mtu mrefu mwenye kovu kwenye unyusi wa kushoto, akamuulizia mama wa maziwa, msimtungie kitu. Mpeni maziwa kwa kikombe hicho. Mwambieni basi la Garissa, ashuke Madogo, aulize gari la Bangale. Kisha mpandisheni ninyi wenyewe.

Na siku ambayo hakuna aliyerudisha kitabu, kunyweni ninyi. Asubuhi, kabla ya basi la kwanza la Mombasa. Kisikauke.